Mukono wa Kushoto Ulikuwa Wangu

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri. Mama akazaa mapacha, mimi nikabaki nyumbani kubeba mmoja mugongoni, na darasa langu likaishia pale. Kuandika ninaandika polepole, kama mutu anayepita juu ya mawe ya volkano na kandambili. Lakini majina sisahau. Hilo mutaa wetu wote wa Majengo unalijua.

Mulima uliposhusha moto ndani ya muji wa Goma ile mara ya kwanza, avenue yetu, njia na nyumba zake zote, ililala chini ya mawe. Tuliporudi hatukuona ua, hatukuona muti wa parachichi, hatukuona hata ukuta wa kuonyesha kwamba hapa kulikuwa jiko. Mawe meusi tu, na chini yake bado moto. Chef wa avenue akaja na kamba na vijiti vya kupima viwanja. Watu wakaanza kugombana: wangu ulifika hapa, hapana, choo yako ilikuwa kule. Chef akaniita. "Mama, weye ndiye unakumbuka. Sema." Nikasimama juu ya jiwe, viatu vikinuka kuungua, nikayasema majina toka barabara kubwa mpaka chini, nyumba kwa nyumba, mwenye kukaa mbele na mwenye kukaa nyuma, mpaka wapangaji. Nilipomaliza hakuna aliyebisha. Kila mutu alijenga mbao zake pale niliposema.

Majina hayo bado ninayo yote. Hapa sitaandika hata moja. Wengine wamekufa, na wengine wanaishi pahali ambapo jina lako likisikika ni matata. Nitasema tu kazi ya mutu, ama alivyokuwa kwangu.

Mujukuu wangu wa kike niliachiwa akiwa bado wa mugongo. Mama yake, mutoto wangu wa tatu, alikufa kwa homa, na baba yake alienda kuchimba madini upande wa Walikale, mpaka leo. Mutoto akaniita Koko, yaani bibi, na miye nikamulea kwa kile nilichokuwa nacho: shamba kidogo, na kazi ya kufagia kanisa letu na kutunza ufunguo wake.

Mulima ulipowaka tena alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wakubwa wakasema muji uhame. Tukaenda kwa miguu mpaka Sake, tukapita Mugunga tukiwa tumebanana kama vijiti vya kiberiti, miye na godoro kichwani, yeye na sufuria. Kule Sake familia moja ilitupokea. Musichana wa ile nyumba alikuwa na telefone iliyojaa anime, zile katuni za Wajapani zenye watoto wa macho makubwa kama mbuzi aliyeshituka. Watu wazima wote walikuwa wanasikiliza radio kujua kama Goma iko bado. Mujukuu wangu alikuwa pembeni na kile kitelefone, anasikiliza muziki wa piano uliotoka ndani ya katuni moja. Alirudia mara ngapi sijui. Tuliporudi Goma na kukuta nyumba imesimama, sikusikia akisema Mungu asante. Alisema, "Koko, piano ya kanisa inatumika siku gani?"

Piano yetu ni ile ya umeme, ya korali, waimbaji wa kanisa, inakaa juu ya miguu ya chuma iliyopindana. Kiongozi wa korali alikuwa mutu mupole. Akasema mutoto aicheze siku za katikati ya juma, saa za mchana, mradi umeme uko, na mradi mwenye ufunguo awepo. Mwenye ufunguo ni miye. Ndivyo nilivyoingia katika mambo hayo. Nilienda kulinda piano tu.

Mwalimu alikuwa video. Mujukuu wangu alizibeba kwenye telefone toka kwa rafiki yake mwenye wifi. Katika video hauoni uso wa mutu. Unaona mikono miwili ya kijana fulani kutoka juu, na mistari ya rangi inashuka kama mvua juu ya piano: mistari ya kijani ni ya mukono wa kuume, ya bluu ni ya mukono wa kushoto. Mustari ukigusa jino la piano, hapo unabonyeza. Wenye kujua piano wanaita touche, miye naita meno. Hakuna nota, hakuna kusoma. Nilipoona vile nikafurahi, nikajisemea, kumbe hata mimi na primeri yangu ya tatu ningeweza.

Lakini mvua ile inashuka mbio. Tukaweka video iende polepole, muziki ukalia kama ng'ombe anayeumwa. Bado mutoto alisahau. Anajifunza kipande leo, kesho kimetoka. Alikuwa anapiga paji la uso na kusema, "Hayashikiki, Koko! Yote yanafanana!"

"Yanafanana namna gani? Watu wa avenue hawafanani."

"Watu gani?"

Nikamuonyesha. Meno meupe ni nyumba za mbele. Meno meusi ni nyumba za nyuma, mbili pamoja, nafasi, halafu tatu pamoja. Avenue yetu ya zamani haikuwa imepangwa hivyo sawasawa, lakini niliwasukuma kidogo, wakaingia. Na kwa kuwa piano inarudia mupango uleule mara tano, niliweka vizazi vitano. Kushoto kabisa, penye sauti nzito, wazee wa kule milimani Masisi, nilikozaliwa. Wanaofuata ni watoto wao. Katikati ni watu wa avenue kabla ya moto. Kisha watoto wao, na kule kulia mwisho, penye sauti ya ndege, watoto wa watoto, wengine nimewabeba mwenyewe. Kwa hiyo kuruka toka jino moja mpaka lile linalofanana nalo upande wa kushoto, ni kutoka kwa mutoto kwenda kwa baba yake. Mutu hawezi kukosea nyumba ya baba.

Mujukuu wangu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu alijaribu. Nilikaa na telefone mukononi, ninaisimamisha, ninatazama mustari umeangukia wapi, ninamuitia: mama wa maandazi, fundi viatu, mapacha wa nyuma pamoja, mama wa maandazi tena, muzee wa kinu. Vidole vyake vikaenda. Siku ile alimaliza ukurasa mzima wa ule muziki, kama ungekuwa na kurasa, na kesho yake haukuwa umetoka.

Piano ya yule kijana wa video ilikuwa ndefu kuliko yetu. Mara nyingine mustari wa bluu ulianguka pahali ambapo kwetu hakuna jino, ni mbao tu. Mujukuu wangu akakata tamaa. Nikamwambia hao ni wakimbizi, hatuwaachi njiani, tunawaingiza kwa jamaa zao. Tukawa tunawahamisha kizazi kimoja juu, kwa nyumba ya mutoto wao, na muziki ulikubali.

Shida ilikuwa mukono wa kushoto. Ule muziki ni mugumu, mutu asikudanganye kwamba ni wa watoto. Kushoto kunapiga sauti nzito mwisho kabisa, kisha kunaruka mbali kushika sauti tatu pamoja, kunarudi, kunaruka tena, bila kupumzika, na wakati huo kuume kunaimba kama hakuna kinachotokea. Mutoto akitazama kuume, kushoto kunapotea. Akitazama kushoto, kuume kunanyamaza. Siku moja, kwa kuchoka kumuitia, nikaketi pembeni yake kwenye benchi nikasema, "Sogea. Weye imba, miye nitatembea."

Nilikuwa nimechambua maharagi maisha yangu yote. Kidole changu kinajua kuruka mbali kuchukua jiwe na kurudi bila jicho kukisindikiza. Siku za kwanza niliharibu, niliwaamsha wazee wa Masisi ovyo ovyo. Baada ya miezi nilikuwa ninaenda. Yeye kuume, miye kushoto, bega kwa bega, kama mutu mmoja mwenye vichwa viwili. Kiongozi wa korali alisimama mulangoni siku moja, akasema, "Mama, kumbe tulikuwa tunakupa ufagio bure." Nilijifanya sikusikia, lakini njia yote ya kurudi nyumbani nilikuwa ninacheka peke yangu.

Miaka ilipita hivyo. Waasi walikuwa wanakaribia. Barabara ya Masisi ikafungwa, mabomu yakawa yanatikisa vioo vya kanisa, na sisi tunasimamisha video, tunasikiliza, tunaendelea. Mudogo wangu, yule tuliyefuatana tumboni, alikimbia kutoka kule milimani akafikia Mugunga, katika kambi, chini ya shiti, ile plastiki ya wakimbizi. Nilimuomba aje kwangu. Alisema nyumba yangu ni ndogo na wajukuu wake ni wengi. Bomu lilianguka kambini asubuhi, watu wakiwa wanapika. Tulimuzika, miye na mujukuu wangu, na ni mujukuu wangu aliyenishika mukono nisianguke kaburini. Ninaliandika hili hapa kwa sababu litahitajika.

Kisha waasi wakaingia Goma yenyewe. Kanisa likajaa watu waliolala chini. Piano tuliificha chini ya magodoro ya mama mmoja mwenye mutoto muchanga. Barabara zilipotulia, na watu walipoenda, tulirudi kwenye benchi letu. Muji ulikuwa na bwana mwingine, uwanja wa ndege umefungwa, shule hazijulikani. Mujukuu wangu alikuwa na miaka kumi na saba. Akaniambia kuna shule ya muziki ng'ambo ya mupaka, wanachukua vijana wachache, wanasomesha na kulalisha bure. Wanataka video.

"Tutume ule wetu," nikasema.

"Ndiyo, Koko. Ule wetu."

Alisema *wetu*. Nimerudia neno hilo kichwani mara nyingi, kama kuna pahali nililisikia vibaya. Sikulisikia vibaya.

Siku ya kupiga video alikuja na kanzu mbili za korali na gants nyeupe za kuvaa mikononi, jozi mbili, zile za maharusi, ameziomba kwa mama anayevalisha bibi harusi. "Tuvae hizi, Koko. Itaonekana propre, safi."

"Gants zinateleza, mutoto. Nitaanguka kwa nyumba ya watu."

"Hautaanguka. Weye hauangukagi."

Nikavaa. Harusi yangu haikuwa na gants, na nilipoona mikono yangu myeupe hivyo nilifikiri, haya, mutoto ananiheshimu. Alifunga telefone juu ya kimuti kilichotokeza kwenye mimbari, ikatazama chini, kama kwenye video ya yule kijana: meno na mikono tu. Tulicheza mara saba. Mara ya saba hatukukosa hata nyumba moja. Nililia, na chozi likaanguka juu ya gants.

Baada ya wiki chache, mama wa saluni, jirani yangu wa ukuta, alikuja kusimama mbele ya mulango wangu asubuhi nikiwa ninakatakata sombe, majani ya muhogo. Ni mutu wa mizaha. Safari hii mudomo ulikuwa unacheka lakini macho hayakucheka.

"Mama, kumbe ulikufa na hukutuambia? Tungeleta hata maharagi ya matanga."

"Nani amekufa?"

"Weye. Iko kwa telefone. Shule moja ya muziki imeiweka, watu wanatumiana."

Akaketi kwenye kiti kidogo, akaweka video. Nikatafuta watu wawili. Nikaona mikono miwili. Ninaijua ile mikono, mmoja ni wangu, lakini kwa gants na zile kanzu, na telefone ikitazama kutoka juu, ilikuwa mikono ya mutu mmoja. Mutu mmoja mwenye kipaji kikubwa. Juu ya muziki sauti ya mujukuu wangu ilikuwa inasema Kifaransa. Ninasikia Kifaransa cha soko tu, kwa hiyo mama wa saluni alinigeuzia, maneno yakitoka moja moja kama mutu anayetoa miiba.

"Anasema amejifunza peke yake, kwa video. Anasema hana mutu."

"Endelea."

"Anasema bibi yake ndiye alikuwa anamupenda... Mama, niache?"

"Nimekwambia endelea."

"Anasema bibi yake aliuawa na bomu katika kambi ya Mugunga, asubuhi, akiwa anapika. Anasema alimuzika kwa mikono hii. Anasema anacheza kwa ajili yake."

Muziki ulikuwa umefika pale ambapo kushoto kunaruka mara nne mfululizo. Nilisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka kujua kama nilikosea pahali.

Mujukuu wangu aliporudi toka kuchota maji nilimungoja na telefone ya jirani mapajani. Alipoiona alijua. Aliweka kidumu chini polepole sana.

"Koko, usikasirike. Ni kwa dosye tu, yale maombi ya shule."

"Nimekufa kwa dosye."

"Hawachukui mutu mwenye ako na koko anamupikia sombe! Wanachukua mwenye alibaki peke yake. Wote wanaandika hivyo. Rafiki yangu aliandika baba yake alikatwa panga, na baba yake anauza mafuta pale Birere, hapa hapa mujini, kila siku."

"Na mukono wangu?"

Akainama kukaza kifuniko cha kidumu.

"Umenivalisha gants nikiwa ninacheka. Ulijua siku ile?"

"Nilijua," akasema. Angalau hakunidanganya pale.

"Na kifo? Hukuweza kunitafutia kifo changu? Umechukua cha mudogo wangu. Shimo ulilonishikia nisianguke ndani, ndilo umenitia."

Alipiga magoti na kulia, akanishika kitenge. Alisema akipata nafasi ile atanisaidia, atasema ukweli akishafika, mara tu akishaingia. Alisema muji huu unamufunga koo. Hapo nilimuelewa, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu nisingemuelewa ningemufukuza na kulala vizuri. Kulikuwa na jambo moja tu la kuamua: ninabaki maiti, mutoto aende, ama ninafufuka, abaki na miye hapa juu ya mawe. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilirudi kwenye sombe yangu.

Wageni wa ile shule wakaandika kwamba watakuja kumuona akicheza kwa macho yao. Mujukuu wangu akaanza kukimbia kanisani kila siku kujifunza mukono wa kushoto, siku kumi kwa kazi ya miaka. Sikumuitia nyumba. Nilifungua mulango, nikafagia, nikasikia anavyogonga pasipo watu.

"Siku ile ubaki nyumbani, Koko," akaniomba.

"Na ufunguo?"

"Nipe."

"Ufunguo nilipewa na kanisa. Haujafa nao."

Kwa hiyo nilikuwepo. Walikuja wawili, bwana mmoja na mama mmoja kijana mwenye nywele fupi, wanasema Kiswahili kile cha vitabu. Yule mama akaniinamia akasema shikamoo. Kwetu hatuna hiyo, nikajibu jambo. Akamuuliza mujukuu wangu mimi ni nani.

Nilimutazama mutoto wangu. Nilimungoja. Nilimupa wakati, Mungu anajua nilimupa.

"Ni mama mwenye kufagia hapa," akasema.

Yule mugeni akanishika mukono, wa kushoto, kwa sababu wa kuume ulikuwa na ufagio. "Basi mama ulimfahamu bibi yake?"

"Nilimujua. Nilimujua muzuri."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mutu wa kuamini upesi," nikasema.

Mugeni akatikisa kichwa kwa huruma. Mujukuu wangu alikuwa anatazama meno ya piano.

Akacheza. Mwanzo ulienda, kwa sababu mwanzoni kushoto kunatembea tu. Miye nilisimama kwenye mabenchi ya nyuma. Nilijua itakapoanza mirukio ataanguka, na vidole vyangu vilikuwa vinatembea juu ya muti wa ufagio bila kuniuliza. Ningeweza kwenda. Ni hatua kumi na mbili toka benchi la mwisho mpaka piano, ninazifagia kila siku. Ningeketi upande wake na wale wageni wangesikia muziki wote, na wangeona maiti ina vidole. Mirukio ikaanza. Akakosa wa kwanza, akashika wa pili, wa tatu akatua pahali pa ovyo kabisa, sauti ikawa kama sufuria inaanguka. Akasimamisha mikono. Akafunika uso, akalia kilio cha kweli, mabega yakiruka.

Mugeni alikimbia akamukumbatia. "Pole, pole mwanangu. Usimalize. Tunaelewa. Ni wimbo wake."

Bwana naye alifuta macho. Pale pale, bila kusikia sehemu ya pili, bila kuuliza mbona mukono wa kwenye video unaruka na huu hauruki, wakamwambia amepita.

Nilikuwa nimefikiri wanamutaka kwa ajili ya muziki. Nilikuwa nimebaki nyuma na ufagio nikijiambia, angalau mukono wangu utamuvusha, hata kama hauna jina. Kumbe si mukono. Kilichomuvusha ni kifo changu. Muziki wangeuchukua wowote.

Akaondoka juma lililofuata. Nilimusindikiza mpaka karibu na mupaka, si mpaka penyewe, kwa sababu wageni walikuwa wanamungoja upande wa pili na angelazimika tena kunipa kazi. Nilimupa mahindi ya kuchoma ndani ya gazeti. "Nikifika nitasema," akaniambia. "Wiki ya kwanza, Koko." Nikamwambia atembee vizuri.

Wiki ya kwanza ilipita, na ya pili, na mwezi. Alikuwa ananiandikia kwamba kuna baridi, kwamba chakula ni kizuri, kwamba piano anayojifunzia ina meno sawa na yetu. Juu ya lile jambo, kimya. Kila ujumbe nilimupelekea mama wa saluni anisomee maneno magumu, na kila mara alifika mwisho akageuza telefone kama mutu anayetafuta kama kuna nyuma.

Halafu siku moja mchana mujukuu wangu akapiga simu. Sauti ilikuwa ndogo.

"Koko, hapa mwalimu anataka niicheze yote. Kuna siku ya wazazi na watu wakubwa. Kushoto kunanikataa. Video ninayo lakini haishikiki. Niitie nyumba. Nimesahau kule kwa wazee, nani anamufuata nani."

Nilikuwa nimekaa kanisani, kwenye benchi la piano. Majina yote yalikuja mudomoni yakasimama pale kwa mstari.

"Mwalimu wako ako wapi?"

"Ako inje ya mulango. Anataka kukusalimia, kukushukuru."

"Umemwambia miye ni nani?"

Nilisikia mutu mwingine nyuma anacheza mazoezi, anapanda, anashuka.

"Nimemwambia uko mama mwenye kufagia. Nimesema ulikuwa unasikiliza siku zote, umekariri."

"Sawa," nikasema. "Mupe."

Akaja yule mama wa nywele fupi, akanisalimia kwa furaha, akasema mimi ni hazina, akasema bibi ya huyu binti angefurahi sana kule aliko. Nikamwambia asante madame. Nikamuomba aweke telefone pahali inaposikika vizuri, karibu na piano, na yeye pia akae, asikie kama mutoto anakosea.

Nikawasha piano yetu. Umeme ulikuwepo. Niliweka mukono wangu wa kushoto pahali pake.

"Mademoiselle, uko tayari?"

Hajawahi kusikia neno hilo la kuitia binti wa watu wengine toka mudomoni mwangu. "Koko," akasema, halafu akajikata, kwa sababu mwalimu alikuwa pale. "Ndiyo, mama."

"Mukono wa kushoto. Kidole kidogo. Hesabu meno meupe toka mwisho wa kushoto, moja, mbili, tatu, nne. Hapo. Bonyeza."

"Ni nyumba ya nani, mama?"

"Ni la nne toka mwisho," nikasema. "Sasa ruka. Hesabu kumi na moja."